Kopo Chini ya Kiti

Kopo lenyewe lilikuwa la mafuta ya kupikia ya Kimbo, limechomelewa chini ya kiti cha dereva wa tuktuk, na waliojua kuwa lipo walikuwa watatu: dereva, mamake na fundi aliyelichomelea. Miaka minane baada ya dereva kuuawa, mtu wa nne akalitaja. Mtu huyo alikuwa mfungwa. Hakuwahi kumwona dereva wala mamake, na mwaka tuktuk ilipoibwa alikuwa bado kwao Ukambani, hajaiona bahari.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mombasa. Si wakili, ingawa wafungwa huniita wakili na nimechoka kuwasahihisha. Kisa hiki nimekifuata tangu 2019. Majina nimeyaacha yote, ya watu, ya kituo cha polisi na ya gereza, kwa kuwa baadhi ya wanaohusika wako hai, wanatembea, na hawajashtakiwa kwa lolote.

Kilichotokea ni hiki. Katikati ya Julai 2011, usiku, kijana wa miaka 29 alipakia abiria pale Mwembe Tayari. Wenzake wa stendi waliona abiria wawili wakiingia, na walisikia wakitajiana Utange. Safari ya mbali kwa saa ile, lakini alikuwa na mkopo wa tuktuk wa kulipa na hakuwa mtu wa kukataa safari ndefu. Asubuhi maiti yake ikaokotwa kando ya njia ya vumbi huko huko Utange, na tuktuk haikuonekana tena. Polisi walifungua faili, wakaandika maelezo ya madereva wawili wa stendi, wakatia ndani fomu ya daktari aliyepasua maiti. Baada ya hapo faili ikalala.

Niliiona faili hiyo baadaye. Nyembamba kama daftari la chekechea. Kilichonikera zaidi si kilichoandikwa bali kisichokuwamo: nambari ya injini. Mama wa marehemu alikuwa na risiti ya kununulia tuktuk, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku, chini ya kanga zake za sikukuu. Risiti ina nambari ya injini na ya chasi. Tangu 2011 hakuna aliyemwomba. Alidhani polisi wanazo, na polisi hawakuuliza.

Ikakaa hivyo hadi 2019.

Jinsi neno lilivyotoka ndani

Mfungwa wetu, nitamwita mleta habari, alikuwa akitumikia miaka saba kwa kuvunja nyumba. Katika wodi yake alikuwamo mwanamume mwingine aliyefungwa kwa kupatikana na mali ya wizi, mtu wa mdomo, wa kujisifu. Huyo nitamwita mtajwa. Usiku, baada ya kufungiwa, wafungwa hawana kazi ila maneno, na mtajwa alikuwa na hadithi zake. Moja ilikuwa ya tuktuk.

Mleta habari akaikalia hadithi hiyo miezi kadhaa. Mwishowe akamwambia mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akija Jumamosi na sabuni na karatasi za choo. Mama yule alipotoka gerezani akapanda tuktuk kwenda kwake, na kwa kuwa moyo ulikuwa umemjaa, akamsimulia dereva njia nzima. Dereva yule alikuwa mmoja wa wale wawili waliokuwa stendi ya Mwembe Tayari usiku ule wa 2011. Alisimamisha tuktuk kando ya barabara, akamwomba mama aanze tena tangu mwanzo.

Watu husema ni bahati. Mimi nadhani ni kisiwa. Mombasa neno halina pa kukimbilia. Litazunguka, litavuka daraja la Nyali, litarudi Majengo kabla ya magharibi.

Kwingineko polisi hawangoji bahati hiyo. Mwaka 2007 jimbo la Florida, Marekani, lilichapisha karata za kuchezea, na kila karata ikawa na uso wa mtu aliyeuawa au kupotea bila kesi yake kutatuliwa, pamoja na maelezo mafupi na nambari ya simu. Kopa, uru, pau, shupaza, zote zina marehemu. Fikra ilianzia Polk County, kwa mpelelezi aitwaye Tommy Ray, na haikuwa ngeni kabisa: mwaka 2003 wanajeshi wa Marekani walipewa karata zenye nyuso za viongozi wa Iraq waliokuwa wakisakwa. Kwa jimbo zima zilichapwa pakiti 100,000 kwa wafungwa wapatao 93,000, zikibeba kesi 104. Kesi mbili zilitatuliwa baada ya wafungwa kuzitambua, na moja yake ni ya mwanamume aliyepigwa risasi Fort Myers mwaka 2004; muuaji alikuwa amejisifia tendo lake mbele ya wenzake. Polisi wa Uholanzi nao walichagua kalenda ya ukutani, kesi moja kwa kila wiki ya mwaka, ikaning'inizwa magerezani.

Kesi mbili kati ya 104. Kuna atakayecheka. Asiyecheka ni yule ambaye moja ya hizo mbili ni ya mwanawe.

Jambo linaloeleweka kwa karata ni kwamba zinamwendea kila mtu. Wakicheza watu 40 karata moja, hakuna anayejua ni yupi kati yao aliyepiga simu. Kwetu neno lilitoka kwa mtu mmoja, kwa jina lake, na ndipo makosa yakaanza.

Saa moja ndani ya ofisi yenye mlango wazi

Mama wa marehemu alikwenda kituoni na yule dereva. Waliambiwa faili haionekani. Wakarudi wiki iliyofuata, wakaambiwa vivyo hivyo. Mara ya nne ikaonekana, na ikakabidhiwa sajini ambaye, kwa haki, hakuwa mtu mbaya. "Mama, hii kesi ni ya kitambo sana, lakini nitakusaidia," alimwambia, na kweli kesho yake alikwenda gerezani.

Alifika akaandikisha pale langoni jina la mfungwa anayemtaka. Jina likatangazwa uwanjani na nyapara. Mleta habari akatolewa, akakalishwa ofisini na mtu aliyevaa kiraia lakini ambaye kila mfungwa alimtambua kwa viatu vyake, na mlango ukaachwa wazi kwa ajili ya joto. Walikaa hapo saa nzima. Wafungwa walipokuwa wakihesabiwa jioni, wodi nzima ilishajua kwamba yule jamaa amechoma, yaani amepeleka habari.

Alipigwa usiku huo. Si vibaya sana, alivyoniambia mwenyewe, akinionyesha jino lililovunjika. Alihamishiwa wodi nyingine. Sajini aliporudi baada ya siku kumi kumtaka aandike maelezo rasmi, alijibiwa kwa sentensi moja: "Afande, mimi sijui kitu."

Sajini alitoka humo ameudhika. Aliandika kwenye faili kuwa mpashaji amekataa kushirikiana. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Haisemi nani alimwita kwa kipaza sauti.

Najua watakaoniuliza: sheria si inamlinda? Inamlinda, kiasi. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ushahidi kinasema afisa wa polisi halazimishwi kusema habari za kosa alizipata wapi. Kuna Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006 na wakala wake. Lakini kinga ya mahakamani haimsaidii mtu anayelala chumba kimoja na yule anayemtaja. Siri ya mpashaji wa gerezani inalindwa au kuvunjwa langoni, kwa jinsi anavyoitwa.

Kliniki ya watu saba

Mimi niliingia hapo. Mama alikuja ofisini kwetu akiwa na mfuko wake wa nailoni, akaweka risiti mezani, akasema, "Mwanangu, mimi sitaki kulipwa. Nataka nijue."

Nilimtafuta afisa wa maslahi wa lile gereza, mwanamke mtulivu ambaye nadhani ndiye aliyeokoa kisa hiki. Nikamweleza kuwa nataka kuonana na mtu mmoja bila yeyote kujua namtaka yeye. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi tuite saba." Januari 2020 tukafanya kliniki ya msaada wa kisheria. Wafungwa saba waliitwa, mmoja mmoja, kila mmoja dakika ishirini, kuulizwa habari za rufaa zao. Wa tano ndiye tuliyemtaka. Nilimuuliza habari za rufaa yake kwanza, kwa kuwa kweli alikuwa nayo, na kwa kuwa mtu aliyeitwa kwa rufaa lazima atoke na la kuwaeleza wenzake.

Kisha nikamuuliza habari za tuktuk.

Alikaa kimya muda mrefu. Akauliza atapata nini. Swali hili watu wengi wa haki huliona la aibu, nami naliona la maana kuliko yote, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza uzito wa kila kitakachofuata. Alitaka kuhamishwa gereza la karibu na kwao, mamake ni mgonjwa na hana nauli ya kufika Pwani. Nikamwambia ukweli wote: sina uwezo wa kumhamisha, sajini hana uwezo wa kumpunguzia kifungo, na theluthi anayosamehewa mfungwa chini ya Sheria ya Magereza hupatikana kwa kazi na mwenendo mwema, haitolewi na mpelelezi kama zawadi. Msamaha ni wa Rais, kupitia kamati yake ya huruma, chini ya kifungu cha 133 cha Katiba. (Nambari ni ile ile ya kifungu cha mpashaji, wanafunzi hukanganyikiwa hapo.) Nilichoweza ni kumwandikia barua ya kuomba uhamisho, ambayo ningemwandikia hata asiposema neno.

"Kumbe huna kitu," akasema.

"Sina."

Akacheka. Halafu akaanza kusimulia, nami nikanyamaza kabisa, kwa maana ukimuuliza mfungwa "walikuwa watatu, sivyo?" umeshamtia maneno kinywani na hutaweza kuyatoa tena.

Aliyoyasema ni haya, kama alivyodai kuyasikia kwa mtajwa. Walikuwa watatu, wawili wakipanda Mwembe Tayari na wa tatu akingoja njiani. Ilikuwa Ramadhani, misikiti imejaa usiku. Dereva alikataa kutoa funguo. Tuktuk ilifunguliwa vipande usiku huo huo, na injini ikapelekwa kwa fundi mmoja upande wa Makupa, penye mkwaju. Na chini ya kiti kulikuwa na kopo la Kimbo limechomelewa. Walilivunja kwa shoka wakidhani wameokota, wakakuta shilingi mia nane. Mtajwa alikuwa akicheka kila anapofika hapo.

Kupima neno

Usiku ule niliporudi nyumbani nilichora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja yanayoweza kujulikana na yeyote aliyekuwa Mombasa, upande mwingine yasiyoweza.

Kuwa walikuwa zaidi ya mmoja, kuwa walipanda Mwembe Tayari: hayo yalisemwa maskani zote za mjini 2011, hata kwenye mazishi. Hayana uzito wowote. Ni hapa ninapomkumbuka Leslie Vernon White, mfungwa wa Los Angeles ambaye mwaka 1988 aliwaonyesha maafisa wa jela jinsi alivyoweza, kwa simu tu, akijifanya afisa, kukusanya habari za kesi ya mtu asiyemjua hata akaweza kudai kuwa mtu huyo amemkiria. Uchunguzi wa baraza kuu la kaunti hiyo uliotoka 1990 ulifichua jinsi ushahidi wa aina hiyo ulivyokuwa umetumiwa vibaya kwa miaka. Na sisi je? Simu ndogo ya mulika mwizi huingia gerezani ndani ya mkate. Mtu anayetaka kutunga anazo nyenzo.

Basi la kopo. Hilo halikuwa maskani. Halikuwa kwenye faili, wala madereva wenzake hawakulijua. Niliwauliza kwa kuzunguka, bila kulitaja, wanipe kila kitu cha ajabu walichokumbuka kuhusu tuktuk ile. Walikumbuka maandishi ya nyuma, walikumbuka redio. Kopo hawakulitaja. Fundi wa kuchomelea alikuwa amehama zamani, na hilo ni tundu ninalolikubali: huenda alimsimulia mtu. Lakini habari ya kulivunja na kuona kiasi kilichomo si ya fundi.

Kuna funzo dogo hapo juu ya karata za Florida. Kila unachokichapa kwenye karata unakiondoa kwenye mizani yako, kwani baada ya hapo kila mfungwa anakijua. Anayechapa lazima abakize kitu. Polisi wetu walibakiza kopo bila kukusudia, kwa uvivu wa kutouliza, na uvivu huo ndio uliotupa kipimo.

Sasa kosa. Alisema Ramadhani. Mwaka ule Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Agosti, na kijana aliuawa katikati ya Julai. Sajini alipoelezwa hilo baadaye alitupa mikono: umeona, anatunga. Nami kwa wiki mbili nilikuwa nusu upande wake.

Aliyelifumbua ni mama. Nilimuuliza usiku ule yeye alikuwa wapi. "Nilikuwa msikitini," akasema, "ilikuwa nisfu Shaabani, twasoma Yasini." Nusu ya mwezi wa Shaabani. Misikiti ilijaa kweli, taa zinawaka, watu wamo njiani usiku wa manane. Mtajwa, mzaliwa wa hapa, alisimulia usiku wa misikiti kujaa; mleta habari, Mkamba na Mkristo, akasikia misikiti imejaa usiku, akaelewa Ramadhani, maana ndiyo anayoijua. Mtu anayetunga kwa kusoma faili angeandika Julai. Huyu alikosea kama anavyokosea mtu anayesimulia alichosikia bila kukielewa, na kwangu mimi kosa lile likawa na uzito kuliko nusu ya aliyoyapatia.

Nasema kwangu mimi. Mahakamani ni habari nyingine.

Kifungu cha 25A

Wasomaji waliozoea sinema watakuwa wanangoja mleta habari apande kizimbani, aseme "aliniambia yeye ndiye," na mchezo uishe. Kenya mchezo huo hauchezwi hivyo. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kukiri kwa mshtakiwa, au kukubali jambo lolote linaloelekea kuthibitisha hatia yake, hakupokelewi dhidi yake isipokuwa amekiri mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachotajwa na sheria ambaye siye anayeipeleleza kesi hiyo, na pawepo mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Majisifu ya usiku ndani ya wodi hayana afisa, hayana shahidi aliyechaguliwa, hayana chochote. Wakili yeyote angesimama kabla shahidi hajamaliza sentensi.

Kifungu hicho kiliwekwa ili watu wasipigwe wakakiri, na nakiunga mkono kwa mikono miwili. Nimeona migongo ya waliokiri zamani. Lakini matokeo yake ni kwamba neno la mfungwa kwetu haliwezi kuwa nyumba. Ni kidole kinachoonyesha kiwanja. Sajini hakulielewa hilo. Alitaka mleta habari aandike maelezo ya kukiri kwa mtajwa, kana kwamba karatasi hiyo ndiyo kesi, na alipoikosa akaona amekosa kila kitu. Wakati huo huo maneno mawili yenye thamani, Makupa na mkwaju, yalikuwa yamekaa bure.

Machi 2020 gonjwa la korona likafunga milango ya magereza kwa wageni, na kwa muda mrefu hatukuingia tena. Sajini akahamishwa. Faili ikapewa inspekta mmoja mwanamke, na mambo yakabadilika kwa sababu ya hulka ya mtu mmoja. Si jambo la kujivunia kwa mfumo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliisoma faili yote mbele yangu, akafunga, akauliza: "Nambari ya injini iko wapi?" Nikamtolea risiti.

Daftari la marehemu fundi

Penye mkwaju pamejengwa ghorofa. Fundi alifariki kitambo. Alikuwa na mwana, anayeuza vipuri, na mwana huyo alikuwa na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na madaftari ya marehemu babake, yale makubwa ya jalada gumu, miaka kumi na tisa ya kununua na kuuza, mengine yameliwa na mchwa hadi ukiyafungua yanakuwa unga. Mafundi wa zamani waliandika kila kitu kwa kuogopa kudhulumiana.

Inspekta alikaa sakafuni siku mbili na kalamu. La 2011 lilikuwapo. Ukurasa wa Julai umelowa chai pembeni. Mstari mmoja: injini ya tuktuk, nambari, shilingi 22,000, na badala ya jina la muuzaji, nambari ya simu.

Nambari ya injini ililingana na ya risiti, tarakimu kwa tarakimu.

Sikuwahi kumwona afisa wa polisi akilia kazini na simwoni bado. Alichofanya ni kumwomba mwana wa fundi chai, akainywa yote bila kusema.

Nambari ya simu ndiyo iliyotuvunja. Ilipotafutwa mwaka 2021 ilikuwa ya mwalimu mmoja wa magharibi mwa nchi, aliyeinunua laini hiyo miaka michache nyuma. Kampuni za simu hutwaa laini isiyotumika zikampa mtu mwingine. Rekodi za mwenye laini wa 2011 hazikupatikana. Hapo ndipo ukosefu wa lile swali dogo la risiti ulipodai bei yake. Nambari hiyo mwaka 2011 ilikuwa hai, mkononi mwa mtu, hapa mjini, na gereji ya penye mkwaju ni mwendo wa dakika chache kutoka Mwembe Tayari.

Mtajwa naye akamaliza kifungo chake 2021, akatoka. Inspekta alimwita, akaja na wakili wake, hakusema neno, na hiyo ni haki yake ya kikatiba. Hakuna kilichomfunga na injini ila hadithi ambayo sheria haitaki kuisikia. Mleta habari hakuhamishwa. Barua yangu ilijibiwa kuwa imepokelewa. Alimaliza kifungo hapa hapa Pwani, na mamake alifariki miezi minne kabla. Alinipigia simu kuniambia, hakulaumu, akauliza kama yule mama wa tuktuk amepata jibu.

Nimeulizwa na wenzangu kama ningemshauri mfungwa mwingine aseme. Nashindwa kujibu haraka. Ningemshauri aseme kwa afisa wa maslahi anayejua kuita watu saba. Nisingemshauri aseme langoni.

Chumba kisicho na mshtakiwa

Ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka ilisoma faili, sasa nene, ikasema haitoshi kumshtaki mtu kwa mauaji. Sikubishana. Iliagiza badala yake uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, kama unavyoruhusiwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Watu wengi huliona jambo hilo kama kapu la kutupia kesi zilizoshindikana. Safari hii lilikuwa na faida yake: pale hakuna mshtakiwa, kwa hiyo hakimu aliweza kuyasikiliza yote, hata ya wodini, na iwapo mwishoni ataona kosa limefanywa na mtu anayejulikana, sheria inampa uwezo wa kutoa hati ya kumwita au kumkamata.

Vikao vilianza 2023. Mwana wa fundi alileta daftari, likawekwa kwenye bahasha ya plastiki. Inspekta alitoa ushahidi asubuhi nzima. Maelezo ya mleta habari yalisomwa na karani kwa sauti kavu, bila jina lake, nami nilikuwa nimekaa nyuma ya mama nikiomba karani aruke mstari mmoja. Katika miaka minne ya kumfahamu sikuwahi kumwambia kiasi kilichokuwa ndani ya kopo. Niliona hakuna haja ya mzazi kujua bei hiyo.

Karani hakuruka. Shilingi mia nane.

Mama alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Hakimu akamwambia, "Mama, zamu yako inakuja." Hakuushusha.

"Ni kweli," akasema. "Alhamisi alikwenda kulipa mkopo, akalikomba lote. Ijumaa akatia mia nne. Jumamosi mia nne. Usiku ndiyo hakurudi."

Hakimu aliacha kuandika, akamtazama, akageuza ukurasa mpya. Akamwomba arudie pole pole, siku kwa siku.